Winfrida Aliyeligeuza Gari la Masista

Mimi Laurenti nina miaka sabini na sita. Nimewazika wakubwa watatu wa gereji hii ya Kihonda, nimelizidi paa la kwanza lililochukuliwa na upepo, na nimemzidi hata daktari aliyeniambia ugoro utaniua. Kwa hiyo walipouliza nani aandike habari za Winfrida kwenye kijarida cha sherehe, sikungoja kuchaguliwa. Mwandiko wangu mbaya, najua. Anayecheka aje tushindane kushusha giaboksi.

Winfrida, mama yake Jastin, ametumikia gereji yetu miaka thelathini na moja, na tarehe 30 Juni 2025 anastaafu. Alikuja mwaka 1994 kutoka Matombo, akapewa kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye karai nikampa spana. Wengine watasema ni wao. Waongo. Akajifunza breki, akajifunza klachi, mpaka akawa fundi wa difu, zile gia za kugawia tairi nguvu, ambaye walimu wa Mzumbe wanamuulizia kwa jina. Akikaza nati, imekazwa. Chai yake tu ndiyo mbaya. Maji ya rejeta yana nafuu.

Wageni waelewe kwamba hapa tuna desturi. Fundi aliyetengeneza gari la kuvuta tairi zote nne hupanda nalo mlimani safari ya kwanza, kiti cha nyuma. Likikwama, yeye ndiye wa kwanza kushuka kwenye matope kusukuma.

Masika ya mwaka 2014 lililetwa gari la zahanati moja ya masista kule juu. Lilikuwa la haya ya kisasa. Kwenye difu la nyuma kuna pampu, pampu inasukuma oili, oili inabana klachi, ndipo tairi za nyuma zinavuta. Upepo ukiingia kwenye oili, presha hakuna, na tairi za mbele zinabaki zinachimba tope peke yake. Salum, mkuu wa mafundi wakati huo, akabadilisha oili na filta, akatoa upepo. Gari likakwama mlimani. Akarudia. Likakwama tena, safari hiyo na mjamzito ndani, akamaliziwa njia kwa machela. Sista Judith, ambaye ndiye dereva wao, akaja kusimama getini, hata soda akakataa. "Shikamoo, Mzee Laurenti. Likikwama mara ya tatu linauzwa. Tutabaki na machela."

Winfrida akaliomba lile gari. Salum akamwambia mbele ya watu, "Mama Jastin, likikwama unarudi kwenye karai." Naye akajibu, "Nitarudi. Lisipokwama, utakunywa chai yangu mpaka Krismasi."

Sasa, ua wetu umeinama. Tangu zamani gari tunaliingiza pua ikitazama juu, upande wa milima ya Uluguru, ili oili chafu imwagike yote kwa nyuma. Upande huo niliuchagua mimi, na kwa kumwaga oili hakuna kama huo, mpaka leo nasema. Winfrida alilala chini ya gari, akatazama weee, kisha akainuka, akaingia ndani, akaligeuza: mkia juu mlimani, pua chini. Salum akasema, "Unaligeuza lituage vizuri?" Tukacheka wote. Yeye alikuwa ameshaona kwamba upepo hupanda juu. Pua ikiwa juu, upepo unajificha mbele ya difu, kwenye pampu, na skrubu ya kuutolea iko nyuma. Akajaza oili mpya, akalegeza skrubu, akaamuru injini iwashwe na pampu izungushwe. Likatoka povu kama la sabuni. Likatoka jingine. Kicheko kikaisha. Akawa anaongeza oili na kungoja, mpaka ikatoka nyembamba na safi, bila kiputo. Akakaza.

Kesho yake mvua ikinyesha tukapanda. Desturi hainihusu, lakini nani angenizuia? Kwenye kona ile mbaya ya udongo mwekundu, mbele ikateleza, gari likayumba kuelekea bondeni. Winfrida akafungua mlango, mguu mmoja tayari nje. Halafu nyuma ikashika. Tulisukumwa mgongoni kama na mtu.

"Funga mlango, mama," Sista akasema bila kugeuka, "mvua inaingia."

Gari lile bado linabeba wagonjwa. Salum alikunywa chai yake bila kulalamika, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akasema Winfrida awe mkuu wa mafundi. Tangu hapo tunamwaga oili pua ikiwa juu, tunatoa upepo mkia ukiwa juu, na kila masika yakiisha oili na filta vinabadilishwa, hatungoji gari lilie.

Winfrida mwanangu, asante kwa kazi. Nenda kwenye migomba yako, ulale mpaka jua likuchoshe, na Mungu akupe uzee mrefu kama wangu, ukiuweza.

Anayebisha niliyoandika akamuulize Sista Judith, yeye alishika usukani. Akamuulize Salum. Na akiona hao ni watu wetu, aende kwa Stefano wa pale konani, ambaye mvua ikinyesha husimama na wenzake kungoja wanaokwama, wawavute kwa malipo. Siku ile alikuwa ameshaikunjua kamba. Hatapenda kusema, lakini aliona.