Njia ya Kamugezi Haifungwi

Kule Kadutu, mtaa ulio juu ya ziwa, mahali barabara ya udongo inapojikunja kabla ya kushuka bondeni, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa Maman Chadia, muuza kahawa ya tangawizi. Watu watatu hawakosi hapo. Barthélemy, mwalimu aliyestaafu, wanamwita Tableau, yaani Ubao, maana hawezi kueleza jambo bila kuchora hewani kwa kidole. Sumaili, muuza vitenge, mtoto wa wafanyabiashara wa Uvira, wanamwita Wakili, ingawa hajawahi kushinda kesi hata ya kuku. Na Gaston, mwendesha pikipiki, jina lake ni Frein, kwa heshima ya breki ambayo pikipiki yake haina. Asubuhi ile ya Jumatano walikuwa wanagombana juu ya zile bornes, vigingi vya saruji vya kupimia viwanja, ambavyo watu wasiojulikana walikuwa wamevirundika kwenye mlango wa njia ya Kamugezi. Kamugezi ni kijito. Kwa miaka tisa akina mama wa mtaa wamepanda mianzi na miti kandokando yake, wakachonga njia ya watu kutembea, na kuweka kibao: hapa hatukati mti, hapa hatutupi takataka.

— Banataka kukata parcelles, viwanja vya kuuza, Gaston akasema. Bornes nimeziona na macho yangu. Iko zaidi ya makumi mbili.

— Parcelles ya nini mu shimo ile? Sumaili akamkatiza. Mutu mwenye akili hawezi kujenga mu maji. Kule chini iko dhahabu.

— Dhahabu Kadutu?

— Uliza mutu yeyote wa Shabunda. Pahali udongo iko nyekundu na bamama banaimba, chini iko dhahabu.

— Weye Wakili unadanganya. Iko gazi, gesi ya kuwaka, Gaston akasema. Ile gazi ya ziwa inatembea polepole chini ya udongo, inatokea pale pa mianzi. Juu ya nini vyura vya Kamugezi vinapiga kelele vile? Vimelewa gazi!

Barthélemy aliweka kikombe chini na kuinua kidole. Wenzake wakanyamaza, si kwa kumheshimu, ila kwa kuogopa kuchomwa jicho.

— Munakosea wote mbili. Angalieni. Ziwa iko hapa. Kamugezi iko hapa. Banataka kuigeuza ipande.

— Ipande wapi?

— Mulima. Na pompe. Ifike ku nyumba ya mutu mukubwa huko juu, aweke samaki mu salon, akuwe anaziangalia na miguu juu ya meza.

— Na yenye itabakia, batatuuzishia mu chupa, Sumaili akadakia. Na picha ya chura juu yake!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha kicheko kikakatika na hasira ikachukua nafasi yake, maana kila mmoja alijua kwamba bornes zile si za mchezo. Kila kitu kizuri mjini walikuwa wamekiona kikipimwa, na kila kilichopimwa walikiona kikipotea.

— Hatukubali! Barthélemy akapiga benchi ngumi. Kamugezi ni ya kwetu! Miye nitasimama mbele yabo na hii mwili yangu.

Maman Chadia alikuwa anapangusa vikombe. Hakuinua kichwa.

— Tableau, ulishafikaka kule chini?

— Kule wapi?

— Ku Kamugezi. Ulishaitembeaka ile njia?

Barthélemy akaanza kupangusa kahawa iliyomwagika kwenye benchi.

— Na weye, Wakili?

— Miye… ninapitaka huku juu.

— Frein?

— Pikipiki haiwezi kushuka kule, maman.

— Basi kahawa imeisha, Chadia akasema, na akafunga kifuniko cha birika ambalo wote waliona bado linafuka mvuke. Mutu anayetetea pahali hajafika, sina kahawa yake.

Swali lile lilimwingia Barthélemy kuliko wenzake, na Chadia alijua. Mke wake, Monique, alikuwa mmoja wa akina mama wa kwanza walioshuka kule na majembe. Kila Jumamosi alikuwa akimwambia: twende basi, mume wangu, uone. Na kila Jumamosi Barthélemy alikuwa na jibu. Mara madaftari ya wanafunzi, mara goti, mara kijiwe. Siku moja alimcheka mbele ya watu, akamwuliza kama wameshamaliza kufagia mto. Monique alicheka naye, akachukua jembe lake, akaenda. Alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa moyo, na tangu siku ile Barthélemy akipita kwenye mlango wa njia ile hugeuza uso upande wa pili wa barabara.

Sasa alisimama. Goti lake lililia, na yeye akalitukana kwa Kifaransa.

— Tunaenda, akasema.

— Sasa hivi? Gaston akashangaa.

— Sasa hivi. Ukibakia, ubakie na gazi yako.

Wakashuka watatu, wakizipita bornes zilizolala kwenye majani kama mikate iliyoungua. Pale kwenye kibao waliikuta mianzi imeinama pande zote mbili mpaka imefanya paa. Mwanamke mrefu aliyefunga kitenge cha kijani alikuwa anamwagilia miche kwenye vikopo. Ndiye Micheline. Alitoka Kalehe miaka michache iliyopita, baada ya nyumba yake kuchukuliwa na maji, na akina mama wakampa kazi ya kutunza kitalu.

— Karibuni, bapapa. Munakuya kutembea?

— Tunakuya kutetea, Sumaili akasema, kifua mbele.

— Mutembee kwanza, Micheline akajibu. Yule wa kupima alisema atafika saa ya ine.

Wakamfuata. Njia ilikuwa nyembamba, imefunikwa maganda ya kahawa ili watu wasiteleze, na upande wa maji kulikuwa na kikingio cha mianzi cha kushikia mkono. Makelele ya Kadutu, zile honi na spika za wahubiri, yalibaki juu kana kwamba mtu amefunga dirisha. Ndege mdogo wa buluu, mwenye mdomo mrefu kuliko haki yake, alijitupa majini akatoka na samaki. Gaston, aliyezaliwa hatua mia tatu kutoka hapo, alisimama kinywa wazi.

— Hii ndege inaishi hapa? Hapa kwetu?

— Ilirudia mwaka wa tano, Micheline akasema. Mbele ya ile hakukuwa samaki. Ilikuwa masashe ya plastiki tu na mapampers.

Walipofika pahali pa kuvuka, Micheline aliwaonyesha mawe manane yaliyopangwa katikati ya maji. Sumaili akavuka, viatu mkononi. Gaston akavuka. Barthélemy alikanyaga la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika kwenye la nne akasimama kama mtu aliyeitwa jina.

Lilikuwa jiwe pana, jeusi, limelainika juu, na kona moja imemeguka kwa umbo la nusu mwezi. Kona ile aliimegua mwenyewe kwa nyundo mwaka aliojenga nyumba. Lilikuwa jiwe la kufulia la uani kwao. Lilipotea miaka sita nyuma, na Barthélemy alimshtaki jirani yake Ezéchiel mbele ya chifu wa avenue, mtaa wao, akamwita mwizi mbele ya watoto wake. Tangu siku ile hawajasalimiana. Na Monique, wakati wote ule, aliwahi kusema neno moja tu: mwache Ezéchiel, mume wangu, jiwe haliko kwake.

— Hii jiwe, akauliza, na sauti yake haikuwa ya kijiwe tena, nani aliileta?

— Maman Monique, Micheline akasema. Miye sikukuwa bado hapa, alinielezea yeye mwenyewe. Bamama ine baliibeba na fimbo. Alisema siku bwana yake atashuka, ataijua. Alikuwa anacheka sana akisema vile.

Barthélemy alitazama maji yakipasuka kwenye jiwe lake na kuungana tena. Aliningoja miaka yote ile, akawaza, na mimi nilikuwa pale juu, natengeneza nchi kwa kidole.

Hapo ndipo zikasikika sauti. Kijana mmoja aliyevaa shati safi na buti mpya alikuwa anashuka, na nyuma yake wanaume wawili wamebeba borne mabegani. Alijitambulisha kwa adabu: Hugues, géomètre, mpima viwanja.

— Bazee, samahani. Kuanzia leo hii njia imefungwa. Niko na ordre de mission, barua ya kazi.

— Imefungwa na nani? Sumaili akauliza.

— Imeandikwa hapa.

— Miye pia ninajua kuandika!

— Papa, mimi natumwa tu. Tunaanza kupima pale pa mawe. Yule muzee atoke mu maji, tafadhali.

Barthélemy akageuka, polepole kwa ajili ya goti, akamtazama kijana yule. Aliona amefundisha watoto wengi wa sura ile. Labda na huyu.

— Mutoto wangu, hii jiwe nasimama juu yake ni ya nyumba yangu. Bibi yangu njo aliiweka hapa. Ukitaka kupima, pima. Lakini miye sitoke. Andika vile mu papier yako: iko muzee mumoja, haitoke.

— Muzee, usinitafutishie matatizo…

— Andika! Barthélemy, kwa B kubwa, na é ya kwanza iko na accent.

Gaston akarudi majini na viatu vyake vyote, akapanda jiwe la tatu. Sumaili akakunja suruali, akapanda la tano. Wale wanaume wawili walishusha borne chini na kufuta jasho, na mmoja wao, ilionekana, alikuwa anazuia kicheko.

Hugues alifungua plani yake, karatasi kubwa yenye mistari myekundu na namba. Micheline akasogea karibu yake. Hakupandisha sauti.

— Papa géomètre, miye sijasoma sana. Nataka kuuliza kitu kimoja tu.

— Uliza, maman.

— Mvua ikinyesha, hii maji itapita wapi?

Hugues akatazama plani. Akaigeuza upande mwingine. Akaipitisha kidole kutoka juu hadi chini, kama mwanafunzi anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Viwanja vilikuwapo, ishirini na sita. Barabara ilikuwapo. Kamugezi haikuwapo. Mahali wote waliposimama, na maji yakilowesha buti zake mpya, karatasi ilikuwa nyeupe.

Hakuna aliyemsaidia.

— Kwetu Kalehe, Micheline akasema, hakuna mutu aliuliza. Maji ilijijibu yenyewe.

Kijana akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

— Nitaenda kuuliza bakubwa, akasema.

— Enda, Barthélemy akamwambia. Tuko hapa.

Hugues na watu wake walipanda na borne ileile waliyoshuka nayo. Barthélemy alibaki juu ya jiwe mpaka miguu ikafa ganzi. Alipofika juu hakukaa kwenye benchi. Alipitiliza hadi nyumba ya pili kutoka kwake, akabisha, na Ezéchiel mwenyewe akafungua.

— Nilikuita mwizi, Barthélemy akasema. Nilidanganya. Jiwe iko Kamugezi. Nisamehe, ndugu yangu.

Ezéchiel hakusema amesamehe. Akaenda kuvaa viatu.

— Nionyeshe, akasema.

Wiki ilipita, na Hugues hakurudi. Alikuja mwingine, mtu mzima mwenye miwani na karatasi nyingine, kwa gari, na walinzi wawili. Alikuta watu zaidi ya arobaini kwenye njia ya Kamugezi, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, motards, waendesha pikipiki, na helmeti zao, wakipanda na kushuka mmoja nyuma ya mwingine, bila bango, bila wimbo, bila jiwe mkononi. Mbele yao alikuwa mzee mwenye goti bovu, na jirani yake amemshika mkono.

— Munafanya nini hapa? yule mtu akauliza.

— Tunatembea, Barthélemy akajibu, na akampita.