Buti ya Baba Mukwe

Kule Alunguli, ukipanda kutoka fasi mitumbwi inavusha watu muto Lualaba, iko ligablo, kiduka kidogo cha kando ya njia, ya Mama Aziza: binika ya kahawa juu ya makala, tangawizi ya kutwanga, na ubao moja murefu wa kukalia. Ule ubao uko na watu wake. Asubuhi wanakuja kutengeneza inchi. Adhuhuri wamekwisha kuitengeneza, wanarudi nyumbani, na inchi iko vilevile. Ile alhamisi Djamali alifika pale na jasho usoni na harufu ya mawese kwenye shati. Yeye njo mupishi mukubwa wa usine, kiwanda cha sabuni. Anakoroga mapipa ya mafuta na soda, ile soda kali inayokula nyama ya mutu sawa mchwa na mbao. Hakuja kunywa. Alikuja kuomba buti yake. Inspecteri wa kazi alikuwa anangojewa asubuhi ile ile, na kama akikuta muguu moja tupu karibu na pipa, atafunga mulango na muhuri wa serikali. Patron Kasimu, mwenye usine, alikwisha kusema: «Buti nilinunua mara moja. Mara ya pili sinunui. Wakifunga, mimi nitauza simenti, na nyinyi mutatafuta kwa kwenda.» Lakini buti ya Djamali ilikuwa kwenye miguu ya Mzee Hamadi, baba ya bibi yake. Na mukwe, hata nyumba ikiungua, huwezi kumuambia: vua.

— Salam aleikum, baba mukwe.

— Aleikum salam, mukwe wangu. Kaa. Tuko tunachunguza ju ya nini usine zinakufa.

Djamali akakaa, macho chini. Mutu hamuangalii baba mukwe usoni, iko heshima. Sharti aangalie chini. Na kule chini njo buti ilikuwa: nyeusi, inang'aa, na uzi yake ya manjano.

Mzee Hamadi kijiweni wanamuita Syndicat, ju mbele vita haijafika alifanya kazi kwenye usine ile ile, na alikuwa anasemea wenzake mbele ya patron wa zamani.

— Jambo iko moja tu, Syndicat akasema. Mushahara. Patron anataka mikono ya mutu, lakini hataki tumbo yake. Vita ilipofika, train ikakufa, mafuta haifiki, sabuni haiondoki. Patron wa zamani akafanya nini? Akatulipa na sabuni! Mwezi wa kwanza sabuni. Mwezi wa pili sabuni.

— Mulikuwa munakula nini? Mama Aziza akauliza.

— Njaa. Lakini njaa safi, mama! Maniema yote, hakuna mutu alikuwa na njaa safi kama sisi. Kisha hata sabuni ikakwisha, patron akafunga, akapanda baiskeli, akaenda. Mushahara njo ilimufukuza.

— Uongo! akasema Anaclet, ule wanamuita Radio, ju anatangaza habari mbele haijatokea. Si mushahara. Ni masharti. Inatoka Kinshasa na ndege. Buti, gants za kuvalisha mikono, luneti. Luneti ya nini? Mungu alimupa mutu macho mawili, serikali inataka manne! Patron akihesabu, anaona anachunga watu wenye macho kupita samaki sokoni. Anafunga.

— Lakini soda inaruka, Djamali akasema polepole. Inaruka kwa macho. Zaidi inaruka kwa miguu.

Ile neno «miguu» aliisema na uzito yote aliyokuwa nayo.

— Musikie mukwe wangu! Syndicat akafurahi. Anajua kazi. Miguu njo mutu.

Akainama, akapangusa ncha ya buti na pindo ya kanzu.

— Wazee walisema, Radio akainua kidole: mukono mutupu haulambwi. Njo maana wanataka gants.

Hakuna mutu alimubishia. Kwenye ule ubao methali ikishatoka haichunguzwi, inamezwa na kahawa.

Djamali akajaribu tena.

— Baba mukwe, na hii jua… miguu haiungui mule ndani?

— Inaungua vizuri sana, mwanangu.

— Binti yako anasema anaweza kukusafishia buti leo. Nimupelekee.

— Umuambie asisumbuke. Nimeisafisha mwenyewe, na sabuni ya vita. Bado niko na kipande.

Djamali akapangusa jasho. Kosa iko yake. Ile siku wafanyakazi waliomba nyongeza, Patron Kasimu alifungua makaratoni ya buti, akawaambia: «Nyongeza njo hii. Imekula pesa yote.» Basi wao wakaielewa vile alivyosema. Kama buti iko mushahara, nani anaacha mushahara yake kwenye mulango ya usine? Kila mutu akabeba yake nyumbani. Mumoja alibadilisha na jogoo. Mwingine alimupa kaka yake. Djamali alifunga yake kwenye gazeti, akaipeleka kwa baba mukwe, ju siku ya ndoa alimuvalisha binti, hakumuvalisha baba. Mzee alilia machozi. Kutoka ile siku Djamali anakoroga soda na kandambili, na juu ya muguu wake wa kuume iko kovu nyeupe, ukubwa wa jani la muhogo.

— Nyinyi wote muko juu ya maji, akasema Florentin, fundi wa baiskeli, wenyewe wanamuita Ingénieur. Sababu iko chini. Mamba mutu, jini la muto!

— Tumefika, Mama Aziza akasema.

— Cheka, mama. Maji ya usine inateremuka kwenye Lualaba, ni kweli ao si kweli? Povu ikamuingia mamba mutu kwa nywele. Akamutokea patron wa zamani kwa ndoto, akamuambia: funga. Akafunga. Sasa wamefungua tena, naye amerudi.

— Ulimuona?

— Niliona povu. Na wazee walisema: ukiona inaelea, iliundwa.

— Basi mamba mutu naye anahitaji luneti, Mama Aziza akasema, na ubao mzima ukatikisika na kicheko.

— Ngojeni, sijamaliza! Ule inspecteri wa safari ya kwanza, ule munene, alikunywa maji? Patron alimupa, akakataa. Nani anavuka muto na jua hii na hana kiu? Mutu anayeishi ndani ya maji! Wale hawatumwi na serikali. Wanatumwa na mamba mutu.

Hata Djamali akacheka, na kucheka kukamuuma, ju jua ilikuwa inapanda.

Njo pale pikipiki ikasimama. Mwanamuke akashuka, kaske kichwani, vumbi mpaka magoti.

— Yambo yenu. Kahawa iko?

— Iko ya kikombe moja tu, ya chini ya binika, Mama Aziza akajibu.

— Inatosha.

Akakaa kwenye ncha ya ubao, upande wa Djamali, akakunywa. Florentin akamunongonezea Radio: «Anakunywa. Huyu iko mutu.» Wote wakapumua.

Mwanamuke akainama kupangusa vumbi. Akakaa vile ameinama, akiangalia chini ya ubao kutoka ncha moja mpaka ingine.

— Baba zangu, akasema, naona mumevaa buti nzuri, zote za namna moja. Na mimi natafuta kama hizi. Wanaziuzaka wapi?

Kweli, wakaangalia chini. Buti ya Syndicat, buti ya Radio, buti ya Ingénieur: nyeusi, nyeusi, nyeusi, na uzi ya manjano. Zikaanza kurudi nyuma, polepole, sawa panya zilizoona taa, lakini ubao ulikuwa mufupi kwa kimo, hakukuwa fasi ya kuzificha. Radio, mwenye kujua habari mbele haijatokea, akakunywa kikombe kilichokuwa kitupu. Ingénieur akaangalia muto, labda mamba mutu atamujibia. Syndicat, musemaji wa wote, akashusha pindo ya kanzu juu ya buti.

— Nauliza tu, mwanamuke akasema. Jina yangu Pélagie. Niko inspecteri mupya wa kazi. Nilikuwa naenda usine ya sabuni, lakini sasa sijui kama usine iko kule, ao iko hapa.

Mama Aziza akachukua ndoo, akajaza maji kwenye binika mpaka juu.

— Mama inspecteri, kikombe cha kwanza iko cha mugeni. Cha pili njo cha mutu wa nyumbani. Lakini sharti ichemuke, na makala yangu leo iko mavivu.

Pélagie akamuangalia. Akaangalia muguu wa Djamali, ile kovu, akaiangalia sana. Kisha akavua kaske, akaiweka juu ya magoti.

— Nitangojea. Lakini siku ya kurudi sitapiga hodi, na ile siku sitakunywa kahawa kwanza.

Mzee Hamadi alifuata macho ya mama yule, na mara ya kwanza akaona muguu wa mukwe wake. Alipika sabuni miaka mingi. Hakuhitaji kuuliza ni nini iliuma pale.

— Djamali. Uliunguaka wakati buti iko kwenye miguu yangu?

— Baba, sikuweza kusema.

— Ungesemaje? Ningekukatalia. Mzee akafungua kamba. Sikia vizuri, na ubao wote ushuhudie. Zawadi ya mukwe hairudi. Nikikurudishia, binti yangu atarudi nayo.

— Najua, baba.

— Basi sikurudishii. Ninakuazima. Siku za kazi iko yako. Ijumaa, saa ya musikiti, iko yangu.

— Na mimi? Radio akalia. Mimi nilitoa jogoo!

— Na wao wa usine walikula jogoo, Mama Aziza akasema. Vua.

Ingénieur hakungojea kuambiwa. Djamali akaingiza miguu kwenye buti, ikiwa bado na moto ya mzee, akafunga zile zingine kamba kwa kamba, akazitundika shingoni, akakimbia njia ya usine. Vile alivyokimbia, buti zilikuwa zinamupiga kifua, na alikuwa anacheka peke yake.

Kahawa ikachemuka, kwa kukawia kama makala ilivyotaka. Pélagie akakunywa polepole. Alipomaliza akavaa kaske, akainama tena chini ya ubao. Miguu tupu tu, imepangwa. Ile ya Syndicat imelainika, myeupe sawa muhogo wa kulowekwa.

— Na buti, baba zangu? Imeenda wapi?

Mzee Hamadi akanyoosha mugongo. Sauti yake ya zamani, ile ya kusemea wenzake, ikarudi.

— Iko kazini, mama. Ilikuwa imechelewa kidogo.