Puti Chini ya Gari la Bi Zuhura

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, na asifiwe hata na sisi mafundi wa bodi, maana wengi wetu tunasifiwa kwa kazi ambayo mtu akiikwangua kidogo tutatafutana.

Mimi ni Kazungu, wa gereji kule Majengo. Miaka ya tisini nilikuwa nimeokoka kwa mdomo. Jumapili naimba kwaya, Jumatatu napaka puti. Mnaijua puti, ile dawa laini ya kuzibia matundu ya bati. Chumvi ya bahari inakula magari ya Mombasa, na badala ya kukata kutu na kuchomelea bati jipya, mimi naziba, napiga msasa, napaka rangi. Gari linang'aa, mwenyewe anashukuru. Nilikuwa stadi wa kuficha, na nilijivunia.

Basi alikuwako Bi Zuhura, mwalimu mstaafu wa Mji wa Kale. Marehemu mumewe alimwachia gari la spoti la zamani la Kiingereza, jekundu, viti viwili, boneti ndefu, usukani wa mbao. Nimeshika magari mengi, lakini hilo nilinawa mikono kabla ya kuligusa. Na aliliendesha mwenyewe! Amevaa buibui, amekaa wima, anapita barabara nyembamba ya Ndia Kuu pole pole, watu wanajibanza ukutani huku wakicheka kwa raha. Mama yule nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Alitaka kwenda Makka kuhiji, na njia yake ilikuwa kuliuza gari hilo. Mjini palikuwa pamefunguliwa duka la kompyuta, akasikia kwamba ng'ambo watu wananunua magari ya zamani kwa mnada wa mtandaoni. Jirani zake walimwona amerukwa na akili. Yeye akaenda akajifunza, kwa umri wake, akawa anaandika kwa vidole viwili. Mimi nikapewa kazi ya kulitengeneza. Chini, chasisi ilikuwa imelika hadi ngumi inaingia. Nikaziba kwa puti, nikapaka rangi nyeusi, nikamwambia nimechomelea bati jipya. Akaniamini.

Picha zikapigwa, zikaingizwa kwenye kompyuta, mnada ukaanza. Siku ya tatu akaniita dukani tutazame. Bei ilikuwa inapanda. Mzee mmoja wa Uingereza, aliyekuwa mbele ya wote, alikuwa ameuliza swali: je, chini ni pazima? Alitaka kumpakia mjukuu wake.

"Mimi huko chini sikujui," Bi Zuhura akaniambia. "Wewe ndiwe ulolala huko. Sema, niandike."

Nikasema ni pazima. Akaandika, kisha akazidi kuandika. Nikamwuliza, mama, unaongeza nini? Akanisomea kwa Kiswahili: "Fundi wangu ni mtu wa kanisa, hasemi urongo."

Ndugu zangu, nimehubiriwa sana, lakini hakuna mahubiri yaliyowahi kunipiga vile. Mama wa Kiislamu anaishuhudia imani yangu kwa mtu wa ng'ambo, na mimi najua kuna nini chini ya ile rangi! Nikawa kama namwona yule mjukuu kwenye kiti cha kushoto. Nikamzuia Bi Zuhura asilitume lile jibu. Nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Aliifuta ile sentensi inayonihusu, herufi moja moja, na hiyo iliniuma kuliko tusi. Kisha akasema, "Kwetu sisi muuzaji huitaja kasoro ya kitu chake kabla hajaulizwa. Siendi Makka kwa gari la kuua mtoto wa watu. Twende ukalikwangue."

Nikakwangua. Akataka tundu lipigwe picha, na ngumi yangu ndani yake. Ile picha ilifunguka kwenye kompyuta taratibu, kutoka juu kushuka chini, nami nimesimama naiangalia. Bei ikasimama. Mzee akashukuru, akajitoa. Gari halikuuzwa, na mwaka ule Bi Zuhura hakwenda Makka.

Hapo ndipo Yesu aliponishika kweli. Puti yote niliitupa jaani. Kwa miezi mingi nikalijenga gari lile upya, bati kwa bati, na kila hatua Bi Zuhura akaipiga picha akaiweka mtandaoni. Kwenye mnada wa pili yule mzee alirudi, akalichukua.

Wiki ya safari yake ya Makka, Bi Zuhura alikuja gereji kwa miguu. Mnajua desturi ya wenzetu: anayekwenda kuhiji huwapitia watu kuwaomba radhi. Akasimama kati ya vyuma na mafuta, akasema, "Fundi Kazungu, nimekuya uniwie radhi, kama kuna siku nilikukosea."

Yeye, kwangu mimi! Mungu nilikuwa nimemwomba msamaha mara nyingi, kwa magoti. Bi Zuhura, muda wote ule, sikuwa nimemwomba. Kazi niliifanya, neno sikulisema. Nikalisema pale pale, nalia mbele ya wateja.

"Haya," akasema Bi Zuhura. "Hilo ndilo nililolifuata."

Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule. Na wewe uliyeketi hapo, kama kuna mtu unamkwepa njiani, ibada ikiisha usije kunipa mkono mimi. Nenda kwake kwanza. Yesu utamkuta huko huko.