Mteremko Usiofagiliwa

Mama Vichaka, mtunza viwanja wa kanisa letu, anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Jina hilo alipewa kwa dhihaka. Leo hata mchungaji humwita hivyo anapohitaji maua ya madhabahuni, naye huitika.

Aliajiriwa kufagia. Wakati huo uwanja wote, kuanzia langoni hadi ukuta wa nyuma, ulikuwa udongo mtupu, na kazi ya mtunza viwanja ilikuwa kuhakikisha unabaki hivyo. Jani likidondoka, liokotwe. Jani likiota, ling'olewe. Watu walilisifu kanisa kwa usafi. Mama Vichaka alifagia bila kunung'unika, lakini macho alikuwa nayo. Aliona jinsi mvua za masika zilivyouchukua udongo wa mteremko wa nyuma na kuushusha hadi kwenye mlango wa ukumbi, na jinsi mawe ya msingi yalivyoanza kuchungulia kama meno yaliyokimbiwa na ufizi.

Aliiomba kamati ya majengo imruhusu aache kuufagia mteremko huo. Hakuomba miche ya dukani. Alitaka mimea ya hapa hapa irudi yenyewe, na ile ambayo haikurudi aliifuata kandokando ya barabara kabla greda halijapita. Zikarudi nyasi ndefu, mgagani na mshubiri, na mkunazi ukasimama. Baada ya nyasi wakaja panzi, baada ya panzi wakaja ndege. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, alizoea kufyonza maua ya mshubiri wakati wa mahubiri, na waliokaa dirishani walijulikana kwa kutojua somo la siku.

Si wote waliofurahi. Kiongozi wa kwaya, ambaye ni mdogo wa mumewe, aliuita mteremko huo hoteli ya nyoka. Kwa kuwa ni shemeji yake, utani ulikuwa halali, na majibu pia. "Shemeji, nyoka hawezi kupanga hapa," alimjibu mbele ya kwaya nzima. "Akiisikia sauti ya tatu, atahama mwenyewe." Shemeji huyo ndiye anayeongoza sauti ya tatu.

Ipo pia arusi ambamo kinyonga aliingia kanisani ndani ya maua, akapanda taratibu kwenye shela ya bibi arusi. Msimamizi alipiga ukelele kabla bwana arusi hajakubali. Mama Vichaka alitoka kiti cha nyuma, akampokea kinyonga kwa kidole, akapita naye katikati ya kanisa bila haraka. Ibada iliendelea, na ndoa ile ingali imara.

Jambo kubwa katika utumishi wake lilitokana na neno moja. Kanisa lilikuwa likijiandaa kumpokea askofu, na upepo ulikuwa umeleta mifuko ya plastiki mteremkoni. Mama Vichaka mwenyewe alisimama wakati wa matangazo, akaiomba kwaya ije Jumamosi kusafisha nyuma ya kanisa. Alimaanisha mifuko. Kwaya ilielewa kama ilivyoelewa tangu utotoni: kusafisha uwanja ni kuufyeka mpaka udongo uonekane. Siku hiyo yeye alikuwa akimuuguza mama yake. Aliporudi, nyasi zilikuwa zimekwisha kuchomwa, mkunazi umebaki kisiki, na shemeji yake amesimama na fyekeo, jasho likimtoka.

"Shemeji, umeona tulivyokusafishia?"

Waliokuwapo wanasema hakufoka. Aliuliza tu mifuko iko wapi. Ilikuwa bado imenasa kwenye seng'enge.

Kamati ya majengo iliona nafasi. Kwa kuwa mteremko ulikuwa wazi, kwa nini usimwagwe zege, uwe maegesho ya magari? Mama Vichaka alikwenda kwenye kikao, akaomba wasubiri msimu mmoja wa mvua. "Mizizi hawakuifyeka," alisema. "Ikichipua, iacheni. Isipochipua, kokoto nitabeba mimi mwenyewe." Walicheka, wakamkubalia. Mumewe ametueleza kwamba hakuwa na hakika hata kidogo.

Kisha alikwenda kwa shemeji yake, si kugombana bali kumpangia kazi. Waliofyeka ndio waliopanga mawe na vigogo ili kuuzuia udongo, na kwaya ikawa inafanyia mazoezi hapo, mikono ikiwa na matope. Mvua ya kwanza iliyabomoa mawe; wakayapanga upya. Ya pili ikayabomoa tena. Shemeji aliposema amechoka, aliambiwa kwamba fyekeo halikumchosha. Wakapanga tena, yeye akiwa wa kwanza kuinama.

Kijani kilianzia chini ya mawe. Kisiki cha mkunazi kilitoa machipukizi ubavuni, nyasi zikafuata, na msimu huo udongo haukufika ukumbini. Kamati ilitimiza ahadi: zege halikumwagwa, na magari yanaegeshwa mbele, kwa kubanana.

Tangu hapo matangazo yetu hayana "kusafisha". Tunaandika "kuokota taka", "kufagia", "kufyeka njia". Kila kitendo na kitenzi chake. Ni lugha sahihi, na kuijifunza kumetugharimu mkunazi.

Kamati ya sherehe ilipomuuliza angependa zawadi gani, aliomba mteremko usiandaliwe kwa ajili yake. Kwa hiyo wageni watakaokuja kumuaga wasishangae nyasi zikiwagusa magoti, wala wasiulize fyekeo liko wapi. Mtunza viwanja mpya ameshaelezwa. Akisahau, atakumbushwa na kiongozi wa kwaya, ambaye katika jambo hili siku hizi ndiye mkali kuliko sote.

Mama Vichaka, asante kwa kazi, na asante kwa ubishi. Tunakuombea afya njema na miaka mingi ya kukaa tu kivulini, ukitazama vitu vikiota bila kumwomba mtu ruhusa.