Sitasema Venant Hakwenda

Fabrice, hiyo simu iache hapo kwenye stuli, usiizime. Mmekuja wote watatu, mmeniwekea mito mgongoni ili niseme maneno mliyonipangia. Nitasema, lakini yatakuwa ya kwangu. Nisikilizeni, wanangu. Daktari aliyeniruhusu kutoka hospitali pale Mpanda hakunificha, na mwenyewe nasikia pumzi inavyonipungukia, kwa hiyo mlichotaka kurekodi kwa ajili ya kampeni ndicho kitakachokuwa wosia wangu. Ni mimi Telesfori, baba yenu, na akili yangu bado ni nzima. Jirani yetu Médiatrice, huyo aliyekaa hapo mlangoni, msimtazame hivyo. Ni mimi niliyemwita.

Nianze na mali, maana hayo ni mafupi. Shamba la bondeni ni la Joséline, na asije mtu akamwambia mwanamke aliyeolewa hana sehemu kwao, kwa sababu ndiye aliyelilima na marehemu mama yenu wakati nyie wengine mlikuwa mnatafuta maisha. Mizinga ya nyuki iliyoko porini ni ya Fabrice. Nyumba hii na shamba la tumbaku ni vya Venant, mkubwa wenu, na nataka mjue kwamba nampa nikiwa nayajua vizuri yote nitakayoyasema baada ya hapa. Simnyimi kitu. Ni mwanangu.

Sasa hilo lililowaleta. Wiki iliyopita Edgar, anayegombea udiwani na Venant, alisimama sokoni akawaambia watu kwamba Venant alikuwa kamanda wa waasi waliopigana Burundi miaka ya tisini, kwamba mikono yake ina damu, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuwaongoza Watanzania. Tangu siku hiyo watu hawana hadithi nyingine, wawe kanisani, kwenye mashine ya kusaga au kwenye vijiwe vya bodaboda. Nanyi mkakaa hapo uani mkagombana nikiwasikia kupitia dirishani. Fabrice ukasema kaka yako alikwenda kulikomboa taifa la babu zetu, na hilo si la kuficha, ni la kujivunia. Joséline ukamjibu kwa kilio, "Jivunie wewe, halafu watuite tena wakimbizi, waanze kuulizana vyeti vyetu vya uraia tulivipataje!" Na wewe Venant ukawakatiza wote wawili ukasema njia ni moja tu: baba atasema miaka ile yote ulikuwa hapa kwenye makazi ya wakimbizi unalima tumbaku, na hakuna atakayembishia mzee aliye kitandani.

Venant, sitasema hukwenda.

Ulikwenda. Wakati ule watu wa chama cha waasi hao walikuwa wanakuja hapa wakijifanya wauza dagaa, wanakaa na vijana baada ya ibada, wanawaimbia nyimbo za nchi ambayo nyie hamjapata kuiona. Nilikukataza. Nilikuambia niliikimbia nchi ile nikiwa nimembeba mama yangu mgongoni, na kwamba mtu aliyeona nilichokiona hawezi kumrudisha mwanawe kwenye moto. Wewe ukanijibu, "Baba, wewe una nchi uliyoikimbia. Mimi hata hiyo sina." Baada ya siku chache mkaondoka, wewe na Siméon, mtoto pekee wa huyu Médiatrice, mkavuka ziwa.

Ukarudi peke yako, umekonda, begani una jeraha lililoanza kuoza. Hukuwa kamanda, na Edgar akisema hivyo anasema uongo. Ulibeba magunia ya unga na masanduku ya risasi, baadaye wakakupa bunduki. Kama uliua mtu hukuniambia, na mimi siwezi kukuapia huku wala kule. Hilo utalijibu mwenyewe. Lakini habari ya Siméon uliniambia. Tulikuwa tunakausha tumbaku kwenye bani, ukaacha kuchochea kuni, ukaanza kulia. Nikakuambia mwenye kumfikishia Médiatrice habari ile ni wewe uliyekuwepo, na kwamba nitanyamaza ili upate nafasi ya kumwambia mwenyewe. Nimekungoja mpaka nywele zako zimeingia mvi. Umemwezekea nyumba, umemuuguza, unamwita mama, lakini kila akiuliza unamjibu kwamba mlipotezana kule ziwani. Kunyamaza nilikukubalia. Leo unanitaka niseme uongo, nikiwa ninakufa, sauti yangu izungushwe kwenye magari ya kampeni ipite mbele ya nyumba ya mwanamke huyu. Hilo sikukukubalia.

Unasimama uende wapi? Kaa chini. Venant, nimesema kaa! Bado ni nyumba yangu hii.

Mama Siméon, sogea kidogo, usikae upande huo wenye upepo. Siméon alikufa, dada yangu. Usimngoje tena, usiulize tena kila mgeni anayetoka upande ule. Hakufa vitani. Alichoka, akasema anataka kurudi kwako, na wakubwa wa kambi yao wenyewe wakaamuru auawe ili wengine waogope. Venant alikuwepo. Ndiye aliyemzika, na mahali alipomzika anapajua yeye tu. Lia, dada yangu. Joséline, mshike huyo mama.

Fabrice, wewe unayependa neno ukombozi, mtazame huyu mama kwanza, halafu uniambie siku ile alikombolewa nani. Sisemi kwamba wale vijana walikuwa wabaya wote. Walikuwa watoto waliofukuzwa kabla ya kuzaliwa, wakapata mtu wa kuwaambia kwamba wana kwao. Lakini ukienda kuimba habari zao jukwaani, uimbe na ya Siméon. Nawe Joséline, hofu yako naijua, nimeishi nayo maisha yangu yote. Nilipoapa kuwa Mtanzania sikuapa kwamba sina nilikotoka. Tukianza kuficha, kila atakayekuja baada ya Edgar atakuwa na kitu cha kututishia, na watoto wako wataurithi woga huu kama nyie mlivyourithi kwangu.

Na wewe Venant. Hiyo rekodi ni yako. Ukitaka kuifuta, ifute, mimi sitakuwepo kukuzuia. Lakini nakuagiza, mbele ya ndugu zako, usiende kuomba kura mpaka umesema kwa mdomo wako kwamba ulikwenda, ulichokifanya na ulichokiona. Wakikunyima, wakunyime, shamba la tumbaku lipo, nimekupa. Wakikuchagua wakijua, hapo utakuwa diwani wao kweli, na Edgar atatafuta lingine la kusema.

Nipeni maji.

Asante. Nizikeni hapa kando ya mama yenu, msisikilize ukoo ukisema nirudishwe Burundi. Udongo huu nimeulima, unanitosha. Siku ya mazishi asisimame mwanasiasa yeyote kuongea, wa kwetu wala wa wenzetu. Mkigombana, mgombane ndani ya nyumba hii na mlale mmeelewana. Fabrice, punguza hasira. Joséline, wewe ndiye utakayewaita pamoja, kwa sababu hawa wawili hawataitana.

Nawabariki. Mungu aliyenivusha na mama yangu mgongoni awavushe na nyie. Mpate watoto wasioulizwa wanatoka wapi. Mlale usingizi mwema. Mle mnachokilima… Nimechoka sasa. Kifua hiki… hapana, msiniinue, niacheni hivihivi.

Venant. Njoo ukae hapa chini, karibu na miguu ya Mama Siméon. Usinitazame mimi, mimi nayajua. Mtazame yeye. Anza na asubuhi ile ya mwisho, Siméon alivyoamka, alichokuambia… Sema kwa sauti, huyu mama hasikii vizuri.

Ndiyo. Ndiyo, mwanangu… Endelea. Mama anakusikiliza.