Mzee Ekow Dadzie na Tashbihi Iliyomnyima Utulivu

"Nitawaliza hata wachonga majeneza," Mzee Ekow Dadzie alitangaza mbele ya umati wa Saltpond, Pasaka ya 1976. Usiku ule wachonga majeneza ndio waliocheka kuliko wote.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 11 Machi 1948, hapahapa Saltpond. Alisoma shule ya Wamethodisti, kisha chuo cha ualimu Cape Coast. Walimu wake walisema alisoma akitembea. Kiti kwake kilikuwa cha kutundikia koti.

Alifundisha fasihi Mankessim kuanzia 1971 hadi 2008. Kila Pasaka kundi lake liliigiza ile tamthilia ya kale ya wapenzi wawili wanaokufa, aliyoitafsiri mwenyewe kwa Kifante. Mwaka ule wa 1976, kijana alipomkuta mpenzi wake amekufa, alilia kwamba amepoa kama theluji. Muuza ugali wa kenke mmoja akauliza kutoka benchi la mbele, "Kwani, mwanangu, umemtoa kwenye friji?" Mchezo ukaishia hapo.

Tangu siku ile hakutulia. "Huzuni ya mwenzio huioni," aliwaambia wanafunzi. "Uonyeshwe kitu unachokijua, utafika mwenyewe." Akajaribu mwezi, akajaribu kisima, akajaribu taa iliyozimwa. Watu waliacha kucheka, ila njugu waliendelea kutafuna.

Mwaka 1979 alimuoa Ekua Botwe, mkaushaji samaki. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba anang'aa kama nyota. Bibi akamjibu, "Haya, baba watoto, na nyota ikishuka, nani atageuza samaki?"

Bi Ekua alifariki Juni 2011. Mzee aliporudi kutoka hospitali, dada yake, Mama Aba, alimuuliza nyumba ikoje. Akasema, "Kama Jumanne isiyo na Jumatano."

Jumanne hapa kwetu hakuna mtumbwi unaotoka, na majiko ya samaki hayawashwi hadi Jumatano. Mama Aba alikaa chini palepale. Kundi liliposikia, Kwamina, anayeigiza yule kijana, alimsihi waiweke kwenye mchezo. Mzee akakataa. "Hiyo ni ya Ekua." Akarudi kuhangaika na mwezi wake miaka kumi na miwili.

Mwaka huu tumbo lilimlaza. Muuguzi alitaka apime maumivu kwa namba, moja hadi kumi. Mzee akamwambia ni kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Muuguzi akaandika nane.

Mwishoni mwa Septemba alimwita Kwamina kitandani. "Ichukue ile Jumanne," alisema. "Ila wewe usilie. Waachie wao."

Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2023. Ameacha dada, Mama Aba, watoto watatu, Esi, Fiifi na Adwoa, wajukuu saba, na kundi la maigizo lisilojua kukaa kimya. Alale salama, na huko aliko wampe nafasi ya kutembea.

Kundi litaigiza tamthilia ileile Jumamosi ijayo, ukumbi wa shule ya Wamethodisti, saa kumi jioni. Kiingilio ni sedi ishirini.