Mama Samaki na Ufa wa Chini ya Bahari

Ndugu, jamaa na marafiki, mliopata viti na mliosimama mlangoni, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, familia imeona mwondoke hapa mkimjua vizuri huyu mliyezoea kumwita Mama Samaki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, na mama yake alipofariki yeye angali ananyonya, akachukuliwa na bibi yake mzaa mama, akalelewa katika nyumba ya vyumba viwili ambayo sakafu yake ya jikoni ilikuwa na ufa, kila mvua ikinyesha maji yanachungulia hapo, mtoto analala kifudifudi kuyatazama, bibi akimwambia, "Wewe, hayo maji yatakuzoea mpaka yakuite jina," naye shavu liko palepale sakafuni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akaendelea na sekondari, kisha chuo kikuu alikosomea miamba hadi mwaka 1997, na siku aliyorudi na cheti bibi akamuuliza, "Mjukuu wangu, mawe nayo yanasomewa?" akajibiwa, "Yanasomewa Bibi, tena yana siri kuliko watu."

Mwaka 1998 aliajiriwa kwenye meli ya utafiti, kazi yake kukaa mbele ya skrini ya chombo kinachotuma mlio hadi sakafu ya bahari na kuupokea ukirudi, na siku moja akaona mstari umesimama wima kutoka chini, akaandika kwamba ni samaki, jioni meli ikapita tena, samaki wako palepale, kesho yake palepale, ndipo akavuta kiti na kusema, "Samaki gani hawa hawana hata safari?" Kumbe yalikuwa mapovu ya methani, gesi ile inayowaka, na fundi wa winchi, mashine ya kushushia vyombo baharini, alicheka mpaka akakaa chini, jina likaanzia hapo. Bibi alielezwa kwamba mapande ya dunia yanasukumana polepole, sakafu ya bahari inapasuka, na gesi iliyotokana na vitu vilivyooza ndani ya tope inapata upenyo, "kama pale jikoni kwetu, Bibi," naye akaelewa papo hapo.

Tarehe 14 Agosti 2002 alifunga ndoa na fundi huyohuyo wa winchi, wakajaliwa binti na mvulana. Miaka yote hiyo marehemu aliuchora ufa ule kwenye ramani, lakini mapovu yenyewe hakuwahi kuyatia machoni, aliona mistari tu, kwa kuwa meli haikuwa na kamera ya kufika kina kile.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, na kamera ilipopatikana, Septemba 2023, yeye alikuwa hajiwezi kitandani, mume akakataa kusafiri, akisema, "Nikienda, nani atakushika mkono?" naye akamjibu, "Mkono atashika Bibi, wewe ndiye unayejua kushusha kitu taratibu, nenda baba watoto." Akaenda, roho iko wodini.

Picha ya video ikaja moja kwa moja kutoka melini kwenye simu ya binti yao, mapovu yanatoka katika ufa moja moja kama shanga, kando yake kome wamesongamana, wanaoishi kwa gesi hiyo katika giza lile, na marehemu akalaza shavu karibu na simu kama alivyokuwa akililaza sakafuni, akatazama mpaka chaji ikaisha.

Mume alimkuta hai, akaambiwa, "Samaki wako wazima, nimewaona," na alfajiri ya tarehe 6 Oktoba 2023 akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa fundi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama ndugu yao, majirani mliofua na kupika bila kuulizwa, na wenzake wa melini mlioituliza meli juu ya ufa ule mpaka naye akatosheka. Bibi yake ameomba neno la mwisho liwe lake: Inuka hapo sakafuni, mjukuu wangu, umeshaona, sasa njoo upumzike kwa amani.